Wanaolala kwenye magari: kwa nini ramani za simu zinatudanganya masaa na kambi hapa Uganda?

#1 Mgeni_wa_Ntinda
Wakuu, habari za humu. Nina Hiace ya zamani. Nimeng'oa viti vya nyuma, nimeweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Wife anaiita geto. Krismasi tunataka kuzunguka magharibi: Ziwa Mburo, Bunyonyi, Rushaga kuona gorila, Ishasha ya hifadhi ya Queen Elizabeth, Fort Portal, halafu hifadhi ya Murchison na kurudi Kampala.

Kupanga napanga kwa simu kama kila mtu. Google Maps kwa masaa, iOverlander kwa sehemu za kulala, Organic Maps kwa pale mtandao unapokata. Tatizo: kwenye lami masaa yanakaribia ukweli, ukiingia murram (barabara ya udongo) tu programu inasema manne, wewe unafika baada ya saba, giza limeingia na mtoto analia. Na kambi unazoziona kwenye ramani, nusu ukifika unakuta shamba la migomba au lango lenye kufuli.

Mimi nasema hizi programu zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na magari-nyumba yao, sisi tumejibandika tu. Nani anabisha?

#2 ChapatiMbili
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye magari, sisi wa boda tunasoma.

#3 Afande_Bombo
Kijana wangu, ramani haihesabu matuta. Toka Busega mpaka Masaka kila kituo cha biashara kina matuta yake, na mengine hayajapakwa rangi. Juu ya hapo weka trela za kontena zinazotoka Mombasa kwenda Kigali na Goma, zimepangana, huwezi kupita hata moja kwenye kinamasi cha Lwera. Mimi barabara hizi nilizianza na Bedford ya jeshi, hakuna simu, na masaa nilikuwa najua. Kanuni yangu: popote pasipo lami, kilomita 30 kwa saa. Mvua ikinyesha, 20. Usiulize mashine.

#4 RamaniHuru
Mzee wangu Afande shikamoo, lakini hilo la matuta ni nusu ya jibu. #1 ametaja programu kana kwamba zote ni kitu kimoja. Sivyo.

Google wanahesabu masaa kwa mwendo wa simu zilizopita barabara hiyo. Barabara ya Jinja ina maelfu ya simu kila siku, kwa hiyo hesabu inakaribia. Barabara ya Katunguru kwenda Ishasha ina simu chache, hapo wanakisia. Organic Maps na OsmAnd hawajui mwendo wa mtu yeyote. Wanatumia data ya OpenStreetMap (ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea), wanaangalia barabara imeandikwa daraja gani na uso wake ni nini, kisha wanaipa mwendo wa kudhania. Kama aliyechora barabara ya Kanungu hakuandika kwamba ni udongo, simu inaweza kukuhesabia kama lami.

Tracks4Africa wa Afrika Kusini ndio walianza upande mwingine: walikusanya nyayo za GPS za wasafiri wenyewe, kwa hiyo masaa yao yametoka kwenye magari yaliyopita kweli. Wao ni wa kulipia, ndiyo maana #1 hakuwataja 😂

#5 Mgeni_wa_Ntinda
#4 umenipiga pabaya. Bei nimeiona, nikafunga.

#6 ChapatiMbili
Mnajisumbua na madaraja ya barabara. Jibu ni sisi. Foleni ya Kalerwe pale Kampala magari yamesimama, sisi bodaboda tunapita katikati na simu mfukoni, Google wanaona "aah, barabara nyeupe". Wanawatuma huko. Mnakwama. Sisi tunawabeba.

#7 Kisura_wa_Busia
@ChapatiMbili 😂😂 hii nadharia naikubali asilimia mia.

#8 RamaniHuru
Si utani mtupu. Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alivuta kigari chenye simu 99 barabarani na Google Maps ikaonyesha foleni kwenye mtaa mtupu. Google walijibu kwamba kutofautisha gari na pikipiki wanaweza katika nchi kadhaa, wakataja India, Indonesia na Misri. Uganda haikutajwa. Kwa hiyo Chapati anaweza kuwa sahihi kwa Kampala. Ila hiyo haielezi Ishasha, kule hakuna bodaboda wa kutosha kudanganya mtu.

#9 Afande_Bombo
Simu 99 kwenye mkokoteni. Watu wana muda.

#10 Binti_Kasese
Habari zenu. Nafanya kazi ya kupangia wageni safari, naomba niseme jambo zito kuliko masaa maana #1 ametaja Rushaga.

Kaka, angalia kibali chako kimeandikwa sekta gani. Bwindi ina sekta nne za gorila: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Ukiandika "Bwindi" tu kwenye simu unaweza kupelekwa Buhoma, upande wa kaskazini. Rushaga iko kusini. Katikati ni msitu na milima, kuzunguka ni masaa mengi ya barabara za kona. Maelezo kwa wageni ni asubuhi, kama saa mbili, na usipokuwepo kundi lako linaondoka. Nimeona mgeni akifika Buhoma saa moja na nusu akiwa na kibali cha Rushaga. Alilipa dola 800 za asiye mkazi, akakaa kwenye ngazi pale akiangalia simu yake tu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa shilingi 300,000 lakini uchungu ni uleule.

Usiweke jina la hifadhi. Weka jina la sekta, na ulale karibu na sekta hiyo usiku wa kuamkia.

#11 Mgeni_wa_Ntinda
Dada ubarikiwe. Kimeandikwa Rushaga. Kwa hiyo Bunyonyi nipite wapi?

#12 Mwana_Bunagana
Ndugu, hii ni mitaa yetu. Toka Kabale shika lami ya Kisoro, ukifika Muko unaacha lami unapanda kulia kwenda Rushaga. Hiace itapita kama kumekauka. Kama imenyesha usiku, ngojea jua lipige kwanza, usijione mwanaume.

Shida ni kutoka Rushaga kwenda Ishasha. Simu itakuonyesha kipande kifupi cha kupita Ruhija, ndani ya msitu. Ni kifupi kwa macho. Na chassis ya Hiace iko chini. Rudi Kabale, Ntungamo, kisha Rukungiri na Kihihi. Ni mzunguko lakini utafika na sampo ya oili nzima.

#13 Kisura_wa_Busia
#12 Rukungiri–Kihihi si ndio ile tope lake linameza magari?

#14 Binti_Kasese
Dada Kisura hiyo ni ya zamani. Rukungiri–Kihihi ni lami sasa. Tope unalolikumbuka litafute Ishasha–Katunguru, hiyo bado murram na malori ya Congo yanaichimba. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, lori moja likilala kati basi nyote mmelala.

#15 Mwana_Bunagana
Na hapo ndio utajua faida ya kuwa na kitanda ndani ya gari 😂

#16 Phoenix_Mhamiaji
Nawasoma kutoka Arizona. #1, unasema programu zimetengenezwa kwa ajili ya huku. Ni kweli, lakini ujue huku shida ni nyingine kabisa.

Huku kambi zipo, tena zina namba, umeme na bomba la kumwaga maji machafu. Kampuni kama KOA ilianzia Billings, Montana, mwaka 1962. Kambi za serikali ya shirikisho unakata kwenye Recreation.gov, nyingi zinafunguliwa miezi sita kabla, na zile za hifadhi maarufu zinaisha ndani ya dakika. Watu wanaamka alfajiri kubofya. Ukikosa unakwenda ardhi ya umma ya BLM (idara ya shirikisho inayosimamia ardhi), unalala bure, kwa kawaida mwisho siku 14 kisha uhame. Kuna Campendium na The Dyrt za kusoma maoni ya waliolala.

Ramani ya gari-nyumba huku inauliza urefu wa gari lako kwenda juu, maana madaraja mengine ni mafupi. Kuna moja Durham, North Carolina, lilikuwa futi 11 na inchi 8, limechuna paa za malori mpaka likawa maarufu mtandaoni. 2019 wakaliinua, na bado yanagonga.

#17 Afande_Bombo
Huko madaraja yanakata paa. Kwetu maji yanakata daraja. Mei 2023 mto Katonga ulikata barabara ya Masaka, watu wakazungushwa Mpigi–Sembabule. Mtu mwenye ramani ya kupakua kabla, ambayo hajaisasisha, alikwenda mpaka kwenye maji.

#18 RamaniHuru
Daraja la Karuma kwenye Nile pia. Septemba 2024 daraja lilifungwa miezi mitatu kukarabatiwa, magari madogo ya kaskazini yakapitishwa Masindi na ndani ya Murchison. Afande, hapo ndipo programu zinapotofautiana: mtu wa OpenStreetMap anaweza kufunga daraja kwenye ramani siku hiyohiyo akiwa na simu tu, lakini wewe lazima upakue upya ndiyo ulione.

#19 Kisura_wa_Busia
Mimi huangalia ukurasa wa UNRA, mamlaka ya barabara, kabla ya kutoka.

#20 Binti_Kasese
UNRA haipo tena dada, kazi zake zimerudi Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Siku hizi mimi naangalia matangazo ya wizara, na zaidi ya yote nampigia dereva wa basi la usiku. Yeye amepita jana.

#21 Kisura_wa_Busia
Dereva wa basi la usiku ndiye mtu wa mwisho kumuuliza masaa. Wao hawaendeshi, wanaruka.

#22 Mama_Kambi
Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nina kambi ndogo kwenye maziwa ya volkeno karibu na Fort Portal. Niwaeleze kwa nini kwenye ramani mnaona kambi, mkifika mnakuta migomba.

Kambi yangu iliwekwa kwenye iOverlander na mgeni Mjerumani, mimi sikujua. Aliandika bei ya mwaka ule na akaweka alama alipoegesha gari, si langoni. Watu wakaja na ile bei mkononi, wakanigombeza kama nimewaibia. Mwingine akaandika "hakuna maji ya moto". Maji ya moto yapo, unayaomba, tunachemsha. Kwa kuni hatuwezi kuchemsha kutwa tukingoja mtu asiyetoa taarifa. Mwingine alikuja Corona imetufunga, akaandika "imefungwa", na maneno hayo yalibaki muda mrefu tumeshafungua.

Wateja wangu wa Uganda hawaji kwa programu. Wanakuja kwa WhatsApp: mtu aliyelala anampa mwenzake namba. Ndiyo maana sioni haja ya kuhangaika na ramani. Na ukweli mwingine: tukionekana sana, kila ofisi inakuja na karatasi yake ya kodi. Kuna majirani zangu wanafuta alama zao kwa makusudi.

#23 RamaniHuru
Mama heshima yako. Lakini hapo umejijibu: Mjerumani akiandika peke yake, ramani inakuwa ya Mjerumani. Ukiingia mwenyewe ukaweka bei na tarehe, maoni mapya yanakaa juu.

#24 Mama_Kambi
Mwanangu, nikikaa kwenye simu nani atachemsha maji?

#25 ChapatiMbili
Mama kamaliza. Uzi ufungwe.

#26 Mgeni_wa_Ntinda
Usifungwe. Mama, asante sana, nakutafuta faragha. Wengine nauliza: pale ambapo hakuna kambi kabisa, mnalala wapi? Kwenye iOverlander naona watu wameweka alama "sehemu ya porini, salama" katikati ya kijiji.

#27 Afande_Bombo
Uganda hakuna pori lisilo na mwenyewe. Hata hicho kichaka kina bibi aliyekipanda. Ukiegesha gari giza limeingia bila kusema na mtu, kijiji kitadhani mwizi wa ng'ombe au mwizi wa watoto. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla jua halijazama, msalimie, mwambie wewe nani na unaondoka saa ngapi. Atakuonyesha pa kulala na atamtuma kijana akulinde. Mpe kijana kitu asubuhi, si usiku.

#28 Kisura_wa_Busia
Afande mimi napinga kidogo. Ukienda kwa LC1 kijiji kizima kinajua kuna wageni kwenye gari, watoto wamejaa dirishani mpaka saa nne. Mimi na mume wangu tunalala petroli stesheni kubwa yenye taa na askari. Unaongea na meneja, unajaza mafuta kwake, choo kipo.

#29 Mwana_Bunagana
Misheni. Parokia yoyote ya Katoliki ina uwanja, lango na maji. Padri hajawahi kunikatalia. Ila kengele ya saa kumi na mbili asubuhi haikuulizi umelala saa ngapi.

#30 Phoenix_Mhamiaji
Huku watu walilala kwenye maegesho ya Walmart, siku hizi inategemea meneja wa duka na sheria za mji. Kumbe ni kilekile cha #28.

#31 Binti_Kasese
Karibu na hifadhi mimi nasema lipia kambi ya UWA (mamlaka ya wanyamapori) tu. Ziwa Mburo ile ya ufukweni, Ishasha ile ya kando ya mto Ishasha. Choo cha kawaida, umeme usitegemee, lakini askari wa wanyamapori yupo. Viboko wanatoka majini usiku kula majani, wanapita kando ya gari. Ukitaka haja ndogo saa nane usiku, fungua mlango kidogo, mulika tochi, sikiliza kwanza. Chakula usiache nje: nyani mchana, fisi usiku.

Murchison, tiketi ya kuingia ni ya masaa 24, si ya "siku". Ukiingia saa tisa alasiri una mpaka saa tisa kesho yake. Watu wanaingia alfajiri kwa pupa, kesho yake wanafukuzana na saa kwenye lango. Malipo langoni si kwa noti, andaa mobile money au kadi. Na wewe kaka kama Hiace yako ina namba za nje, uliza mapema, gari la nje hutozwa tofauti na la Uganda.

#32 Mgeni_wa_Ntinda
Namba za Uganda. Nimesoma maoni kwamba niwahi kivuko cha Paraa, kina ratiba?

#33 RamaniHuru
Umeona! Hayo ni maoni ya zamani. Paraa pana daraja siku hizi, na barabara ya Kisanja–Paraa–Pakwach ni lami kwa sababu ya mradi wa mafuta. Angalia tarehe ya maoni kabla ya maneno yake. Hilo la kivuko bado linasumbua watu.

#34 Afande_Bombo
Mbung'o je? Mwambieni asivae bluu wala nyeusi Murchison.

#35 ChapatiMbili
Hiace yake ni rangi gani?

#36 Mgeni_wa_Ntinda
...bluu.

#37 Kisura_wa_Busia
😂😂😂😂

#38 Mwana_Bunagana
Pole ndugu. Utakuwa basi la mbung'o.

#39 Kisura_wa_Busia
Nikumbushe jambo la majina. Binamu yangu alitaka Katwe, ile ya ziwa la chumvi kule Kasese. Simu ikampa Katwe ya Kampala, ya mafundi chuma. Alikuwa Mbarara tayari. Simu ikamwambia "geuka". Akageuka!

#40 Binti_Kasese
Katwe tunayo kila wiki 🤦🏾‍♀️ Andika "Katwe-Kabatoro".

#41 RamaniHuru
Kwa hiyo tuko wapi? Nina nadharia ya data kidogo, Afande ana matuta, Chapati ana boda, Mama Kambi anasema wenyewe hatutaki kuonekana.

#42 Afande_Bombo
Ongeza mvua. Barabara ya murram ya Januari na ya Novemba ni barabara mbili, ramani inaweka mstari mmoja.

#43 Phoenix_Mhamiaji
Na mimi naongeza pesa. Huku kambi inalipia kuonekana, ndiyo maana kuna mtu wa kusahihisha. Kwenu nani atamlipa mtu kuzunguka Kanungu akihesabu mashimo?

#44 Mama_Kambi
Mkinilipa mimi nitahesabu.

#45 Mgeni_wa_Ntinda
Kwa sasa nimebadilisha ratiba. Kila kipande cha murram nazidisha mara mbili masaa ya simu, natoka saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi jioni nimeegesha. Ishasha naingilia Kihihi. Ile ya Katunguru nitaamua nikiwa Ishasha, nikishaongea na madereva wa malori. Rangi ya gari siibadilishi.

Swali la mwisho: siku ya kwanza nitafika Lukaya na njaa. Muchomo (nyama choma) pale ni wa kuaminika au nisubiri Mbarara?

#46 ChapatiMbili
Lukaya, simama. Chukua na gonja, ndizi za kuchoma.

#47 Kisura_wa_Busia
Lukaya hawawezi kuku wa Namawojjolo.

#48 ChapatiMbili
Dada Namawojjolo iko barabara ya Jinja, mtu anakwenda Masaka!

#49 Kisura_wa_Busia
Najua iko wapi. Nimesema kuku.

#50 Afande_Bombo
Kuku wa Namawojjolo wanaingizwa dirishani kwa mkuki, hata hujasimama. Lukaya angalau unashuka unachagua. Na uulize bei kabla hujauma.